Wafiwa wa Siku Moja

Wasomaji wengi wamepata kupita mahali pale Nairobi ambapo barabara ya Moi yakutana na barabara ya Haile Selassie, si mbali na stesheni ya gari la moshi. Pana bustani ndogo hapo, na ndani yake ukuta ulioandikwa majina. Mwenye haraka hupita asiangalie. Lakini aingiaye tarehe 7 Agosti atawakuta watu wamesimama mbele ya ukuta ule, kila mmoja akitafuta jina la mtu wake, na wengine wakiisha kuliona huligusa kwa kidole, kama mzazi agusavyo paji la uso la mtoto ili ajue kama ana homa.

Mimi nimefika hapo mara nyingi kwa ajili ya shangazi yangu, na habari nitakazoandika ni zake yeye na wenziwe. Sina nia ya kusimulia upya ukatili wa waliotega bomu, maana hayo yamekwisha kuandikwa na wenye elimu kunishinda. Nataka kueleza jambo moja nililoliona kwa macho yangu mwenyewe: ya kuwa waliofiwa kwa msiba wa namna ile wana haja kubwa ya kujuana wao kwa wao, na ya kuwa kuwajulisha ni kazi halisi, yenye daftari na kalamu na nauli ya basi.

Kwa ajili ya vijana ambao hawakuwa wamezaliwa, nikumbushe kwa ufupi. Siku ya Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, baada kidogo ya saa nne na nusu asubuhi, lori lililopakiwa bomu lilifika nyuma ya ubalozi wa Marekani. Kwanza ulisikika mshindo mdogo, na watu wa majumba ya jirani wakakimbilia madirishani kutazama kuna nini. Ndipo ukaja mshindo mkubwa. Hii ndiyo sababu wengi walipoteza macho siku ile: walikuwa wamesimama nyuma ya vioo. Jumba la Ufundi, lililopakana na ubalozi, liliporomoka lote. Jumba la Benki ya Ushirika lilisimama, lakini vioo vyake vilimwagika kama mvua. Katika Nairobi walikufa watu 213, na kati yao Wamarekani walikuwa 12 tu. Waliojeruhiwa walizidi 4,000. Karibu dakika zile zile bomu la pili lililipuka penye ubalozi wa Marekani katika Dar es Salaam, likaua watu 11. Kundi la al-Qaeda lilikuwa limekusudia kuipiga Marekani. Waliouawa walikuwa hasa makarani, wanafunzi, matarishi, walinzi, na abiria wa basi lililokuwa likipita njia yake.

Ndani ya Jumba la Ufundi kulikuwa na shule ya kufundisha kazi za ofisini, na humo alikuwamo binti wa shangazi yangu.

Kwetu ni Kangundo, na shangazi ni mkulima wa kahawa. Karo ya binti yule ilitoka katika malipo ya chama cha ushirika, na nakumbuka jinsi nyumba nzima ilivyokuwa ikihesabu kilo za kahawa na kuzigeuza kuwa miezi ya masomo. Alikuwa akijifunza kupiga taipu na kuandika hati mkato. Akija nyumbani mwisho wa juma alituonyesha sisi watoto alama zile zilizofanana na nyayo za ndege, akatuambia ni majina yetu, nasi hatukuamini. Siku ile mimi nilikuwa na umri wa miaka minane, shule zimefungwa, nikichunga mbuzi. Habari zilifika kwa redio. Mume wa shangazi alishika njia ya Nairobi na wanaume wawili wa jirani, wakazunguka hospitali zote, kisha nyumba za maiti, wakampata siku ya tano kwa kiatu na kwa mshono wa sketi ambao shangazi mwenyewe alikuwa ameushona.

Nisije nikaonekana nawalaumu majirani. Mazishi yalikuwa ya heshima kuu. Watu walileta kuni, maji, mahindi na maharagwe; vijana walichimba kaburi usiku; kamati ya mazishi ilichanga fedha hata zikabaki; kanisa lilijaa. Matanga yetu sisi Waafrika ni chombo kizuri sana, na sidhani kuna taifa linalotupita kwa jambo hili. Lakini matanga yametengenezwa kwa vifo tuvijuavyo: mzee amekwenda zake, mtoto ameshikwa na malaria, mtu ameanguka mtini. Yanapokwisha, kila mtu hurudi shambani kwake, na mfiwa naye hurudi pole pole miongoni mwa watu, kwa kuwa kila nyumba kijijini imekwisha kuzika namna ile ile.

Shangazi hakurudi. Hapana hata mtu mmoja katika lokesheni yetu aliyefiwa na mtu kwa bomu. Wanawake wenzake walimwonea huruma mno hata wakaacha kulitaja jina la binti mbele yake. Akikaribia kisimani, mazungumzo hugeuzwa. Redio ikitaja neno lolote la Nairobi, mtu huizima. Walifanya hivyo kwa upendo, naye akawa kama mtu aliyefungiwa ndani ya upendo huo. Daftari la hati mkato la binti alilifunga kwa kitambaa akaliweka sandukuni chini ya nguo.

Baadaye, nilipokuwa mtu mzima, nilisoma habari za uchunguzi wa madaktari wetu ambao ulinifanya niifahamu hali ile. Baada ya mlipuko Chama cha Madaktari cha Kenya kilianzisha kazi ya kuwapatia watu washauri, na Daktari Frank Njenga na wenzake waliwauliza maswali watu 2,883 waliopatwa na msiba ule, katika muda wa mwezi mmoja hadi mitatu baada yake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Katika kila watu 100, yapata 35 walikuwa na dalili zinazokaribia maradhi yale ya moyo yatokanayo na hofu kuu: ndoto mbaya, kushtuka ovyo, kuona tena na tena kile kilichopita. Madaktari walitafuta ni akina nani walioumia zaidi. Walikuwa waliofiwa, waliojeruhiwa wasipone, waliopungukiwa na fedha baada ya siku ile. Na pamoja nao, asema daktari, wale ambao hawakuwa wamemfungulia rafiki moyo wao. Nilipolisoma neno hilo la mwisho niliweka karatasi chini. Maana shangazi alikuwa na rafiki wengi, ila hapakuwa na hata mmoja aliyeweza kumfungulia.

Ilipita miaka kumi. Mwaka 2008, nikiwa nimemaliza masomo ya sekondari, aliniambia ghafla, "Baba, nipeleke nikalione jina." Bustani ilikuwa imefunguliwa tangu mwaka 2001, wala hakuwa amekanyaga hapo. Tulipanda basi la alfajiri. Alivaa vazi lake la kanisani, na chini ya mkono alishika lile daftari katika kitambaa chake.

Watu walikuwa wengi, na hotuba zilikuwa ndefu. Shangazi hakusikiliza hotuba. Alisimama ukutani muda mrefu. Ndipo mama mmoja mwembamba, mwenye kutoka upande wa Siaya, akaja akasimama karibu naye, akatazama ukuta pamoja naye, kisha akauliza kwa Kiswahili cha shida, "Mama, wako ni yupi?"

Shangazi akamwonyesha. Yule mama akalisoma jina kwa sauti. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka mingi mtu mgeni kulitamka. Kisha akaonyesha la mumewe, aliyekuwa tarishi katika jumba mojawapo la jirani, na shangazi akalisoma naye. Waliketi kwenye ukingo wa bustani hata saa tisa. Kiswahili cha shangazi nacho si cha kusifiwa, na mara kwa mara waliniita nitafsiri neno, lakini baadaye nikaona sihitajiwi, nikaenda kununua chai.

Katika basi la kurudi nilimwuliza walikuwa wakizungumza nini. Akajibu, "Hakuniambia pole. Aliniuliza mtoto alikuwa akipenda kula nini."

Kabla ya kuachana alikuwa amefungua daftari la binti, akageuza mpaka ukurasa ulio mweupe, na mimi nikaandika humo sanduku la posta la yule mama na nambari ya simu ya mwanawe. Hilo ndilo jina la kwanza. Mwaka uliofuata yaliongezeka mawili, na kufika mwaka 2012 yalikuwa tisa: familia za Kangundo, Siaya, Murang'a, Kakamega, na mzee mmoja Mwislamu wa Mombasa aliyefiwa na ndugu yake. Hawakujipa jina wala hawakujiandikisha kuwa chama. Hukutana Agosti bustanini, na katikati ya mwaka hutembeleana. Kijana wa mama wa Siaya alipooa, shangazi alisafiri na kiondo cha katani alichokisuka mwenyewe, akaketishwa mahali pa ndugu wa bwana arusi. Mzee wa Mombasa alipougua, walimchangia. Jambo la sala liliwasumbua kidogo mwanzoni, maana kila mmoja alikuwa na desturi yake. Wakakata shauri ya kwamba kila mtu aombe kwa namna yake mwenyewe, kimya, kisha iletwe chai.

Nikisema hivi yaonekana rahisi, kana kwamba wafiwa wakikutanishwa hupendana mara moja. Si kweli. Jaribu lao kubwa lilikuja mwaka 2020.

Mwaka ule serikali ya Sudan, iliyoshtakiwa kuwa iliwapa hifadhi watu wa al-Qaeda hapo zamani, ilikubali kulipa dola milioni 335 kwa ajili ya mashambulio yale ya mwaka 1998 na mengine yaliyowapata Wamarekani. Habari zilienea vijijini kama moto wa nyasi. Lakini mapatano yalikuwa kati ya Sudan na Marekani, nayo yaliwahusu raia wa Marekani na waliokuwa wafanyakazi wa serikali yake. Mkenya aliyekuwa akipita njiani, au akipiga taipu katika jumba la jirani, hakuhesabiwa. Walikufa kwa bomu moja, dakika moja, na majina yao yako katika ukuta mmoja. Lakini karatasi ziliwatenga.

Basi katika familia tisa zile ilikuwamo moja ambayo marehemu wao alikuwa mtumishi wa ubalozi. Msomaji anaweza kufikiri mwenyewe hali ilivyokuwa. Hakuna aliyewatukana. Ila simu zilipungua, na maneno yakawa ya adabu mno. Mwezi wa Agosti uliofuata familia ile haikuja bustanini. Wengine wakasema, "Wamekwisha kupata chao." Mama wa Siaya alinyamaza siku mbili, kisha akampigia simu shangazi, wakakutana Nairobi, wakaenda wawili hata nyumbani kwa watu wale bila kualikwa. Walimkuta mjane amejifungia. Aliwaambia kuwa aliona haya kutazamana nao, na ya kuwa hata fedha zenyewe hakuwa na hakika nazo. Shangazi, kwa habari alizonipa, hakumpa mawaidha yoyote. Alimwambia, "Sisi hatukuanza kujuana kwa sababu ya fedha," akaomba maji ya kunywa. Agosti iliyofuata walikuwa tisa tena.

Sitaki kusema kuwa shida ya haki imekwisha. Haikwisha. Waliobaki nje wameendelea kudai, na Seneti yetu iliunda kamati maalum ya kuchunguza jambo la fidia yao. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2012 nayo imetaja mfuko wa kuwafidia waliodhulumiwa na magaidi. Mimi ni karani, si mwanasheria, na sina la kuahidi. Ninalolijua ni kwamba madai ya mtu mmoja mmoja hupotea katika majalada, na madai ya watu wenye orodha moja hujibiwa upesi zaidi, hata kama jibu lenyewe ni la kuwaambia wangoje.

Mfano wa jambo hili nimeusoma katika nchi ya mbali. Siku nane tu baada ya Nairobi, yaani tarehe 15 Agosti 1998, bomu la gari liliua watu 29 katika mji mdogo wa Omagh, Ireland ya Kaskazini, na mmoja wao alikuwa mama mwenye mimba ya mapacha. Walikufa Wakatoliki na Waprotestanti pamoja, katika nchi ambayo madhehebu hayo mawili yalikuwa yamegombana kwa miaka mingi, na wengine walikuwa wageni kutoka Hispania. Jamaa wa marehemu waliunda kikundi cha kusaidiana. Kesi ya jinai isipofika mahali pa kuridhisha, baadhi yao walijiunga wakafungua kesi ya madai wao wenyewe, na mwaka 2009 mahakama ya Belfast iliamua kuwa wanaume wanne walihusika na lazima walipe fidia. Hawakuacha hapo. Waliendelea kudai uchunguzi wa wazi, na mwezi wa Januari 2025, miaka zaidi ya 26 baada ya siku ile, uchunguzi huo ulianza kwa kuwapa jamaa nafasi ya kueleza wapenzi wao walikuwa watu wa namna gani: nani alipenda muziki, nani alikuwa akijiandaa kwa harusi. Niliposoma hayo nilimkumbuka mama wa Siaya na swali lake la chakula.

Kwetu pia tumeona wafiwa wa zamani wakiwa msaada kwa wafiwa wapya. Tarehe 2 Aprili 2015, siku moja kabla ya Ijumaa Kuu, magaidi wa al-Shabaab waliingia katika Chuo Kikuu cha Garissa wakaua watu 148, na 142 kati yao walikuwa wanafunzi. Vijana wale walikuwa wametoka katika pembe zote za Kenya. Miili ililetwa Nairobi katika nyumba ya maiti ya Chiromo, na jamaa walikusanyika katika uwanja wa Nyayo, ambako watu wa Msalaba Mwekundu na washauri waliwapokea. Wazazi walilala katika mabasi usiku kucha kutoka sehemu za mbali, wakafika hawajui hata mlango wa kuingilia.

Nilikuwa nimeanza kazi ya ukarani mwaka ule. Shangazi alinipigia simu alfajiri, akasema anakuja, na kwamba nimwombee ruhusa. Nilimwuliza atafanya kazi gani, naye hana cheti cha ushauri. Akasema, "Sitasema neno. Nitaketi." Aliketi siku tatu. Nilimwona amekaa kando ya baba mmoja aliyeshika picha ya pasipoti ya bintiye, akiionyesha kwa kila apitaye. Siku ya pili yule baba alimwuliza yeye alikuwa amempoteza nani pale chuoni. Akamjibu kuwa wake alikufa miaka kumi na saba iliyopita. Yule mtu akamtazama kwa muda, kisha akauliza, "Na bado unakula?" Akasema, "Nakula." Mtu yule hakuwa ametia chakula kinywani tangu Alhamisi, alikubali chai na nusu ya mkate. Sanduku lake la posta limo katika daftari.

Pole za mbali nazo zina thamani yake, na sisi Wakenya tulipata kuwafundisha wakubwa wa dunia jambo hili. Baada ya watu karibu 3,000 kuuawa katika Marekani tarehe 11 Septemba 2001, Wamaasai wa Enoosaen walisikia habari kwa kijana wao, Kimeli Naiyomah, aliyekuwa New York siku ile. Mwezi wa Juni 2002 wakawapa watu wa Marekani ng'ombe 14. Mwakilishi wa ubalozi alikwenda mwenyewe kuwapokea. Ng'ombe hawakuweza kupelekwa ng'ambo, wakabaki pale pale, wakazaa. Baadhi ya watu wa mjini walicheka, lakini mfugaji yeyote asomaye gazeti hili aelewa kuwa anayekupa ng'ombe hakupi maneno.

Sasa niseme kidogo juu ya kazi yenyewe, kwa kuwa huenda chifu, mwalimu, au karani mwenzangu akajikuta siku moja ameshika kalamu mbele ya watu wanaolia. Mungu apishe mbali.

Daftari la wafiwa lianze mapema, wakati watu wangali wamekusanyika, maana wakiisha kutawanyika utawatafuta kwa miaka. Jina la marehemu liandikwe kama lilivyo katika kitambulisho, herufi kwa herufi. Hapa ndipo taabu nyingi huzaliwa. Mtu aliitwa hivi nyumbani, vile shuleni, na namna nyingine katika hospitali. Cheti cha kifo kikitolewa kwa jina lisilolingana na kitambulisho, mjane atazungushwa miezi kadhaa, kisha atatakiwa kuapa hati ya kiapo kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja. Shangazi alipotezewa mwaka mzima kwa herufi moja tu, na karani mwenye kosa hakumwomba hata radhi. Nilipoajiriwa niliapa moyoni kwamba mimi nitasoma kila jina mara mbili.

Tena iandikwe nani ni jamaa wa karibu, na watoto wa marehemu na umri wao, kwa sababu mtoto wa miaka miwili leo atataka karo ya sekondari wakati ambapo wachangaji wote wamekwisha kusahau. Iandikwe lugha ambayo mfiwa anaisema kwa raha. Isiandikwe dini wala kabila kama si lazima. Sijaona faida yake katika daftari la namna hii. Kisha mwenye kazi amwongoze mjane kwa chifu apate barua ya kuwataja warithi, kwa kuwa bila hiyo mahakama haitapokea maombi ya mirathi, na amweleze mapema kuwa tangazo litatolewa katika Gazeti la Serikali na kungojewa siku 30 kama kuna mwenye kupinga. Mjane akijua mapema, kungoja hakumtii hofu.

Daftari lenyewe lifungiwe. Halipasi kubandikwa ukutani wala kupigwa picha na kila mwenye simu. Mwaka ule wa 2020 alitokea mtu mwenye tai na mkoba, akaenda kwa mama wa Siaya akadai shilingi 500 za kuandikisha madai ya fidia, akasema ametumwa na wakubwa. Mama yule hakubisha. Alimwomba arudi kesho. Usiku ule ule alipiga simu Kangundo, Kangundo ikapiga Murang'a, na ikaonekana kuwa mtu huyo huyo alikuwa amedai shilingi 1,000 kule, na kusema ametumwa na wakubwa wengine kabisa. Aliporudi asubuhi alikuta wazee wa kijiji wamekaa wanamngoja. Sijui walimwambia nini, ila hakumaliza chai.

Na yule aandikaye barua ya pole asiogope kulitaja jina la marehemu. Shangazi alipokea barua nyingi mwaka 1998, nyingi zilikuwa na aya za Biblia zilizonakiliwa vizuri, naye anaziheshimu. Lakini ile aliyoihifadhi ni ya msichana aliyesoma pamoja na binti yake, karatasi moja iliyoandikwa kwa penseli, isemayo kuwa binti alikuwa akicheka wakati wa mtihani mpaka mwalimu akamtoa nje, na kwamba hata hivyo alikuwa wa kwanza.

Mwezi wa Agosti uliopita shangazi aliniletea lile daftari ofisini. Penseli ya kurasa za mwanzo imefifia, na pembe zimeliwa na mende. Aliniomba niyapige majina yote upya kwa mashine. Niliifanya kazi hiyo jioni, baada ya saa za ofisi, kwa karatasi niliyoinunua mwenyewe. Majina sasa ni 31. Yamo ya Nairobi, yamo ya Garissa, na limo moja la Dar es Salaam, mama ambaye mzee wa Mombasa alimpata kwa njia ya jamaa zake. Nilipomaliza nilimwonyesha. Alitazama, akaniambia nirudie, nimeyabana mno. Kati ya familia na familia niache mistari mitano mitupu, kwa kuwa watoto wao wanaoa na kuolewa, na kila mmoja atakuja na nambari yake. Kurasa za hati mkato, zile za mbele, alinikataza nisiziguse.